Jinsi ya Kusoma Viashiria vya Mcharuko Katika Damu ya Mgonjwa wa Kisukari

Mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki huzoea namba mbili: sukari ya asubuhi kabla ya kula, na HbA1c, yaani wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu. Siku kidonda kinapotokea mguuni, au daktari anapoutilia shaka moyo, cheti cha maabara huongezeka mistari mingine: CRP, ESR (kasi ya chembe nyekundu kuzama kwenye mrija), hesabu ya chembe nyeupe za damu, pengine feritini na prokalsitonini, protini inayopanda hasa kwa maambukizi ya bakteria. Hivyo ni viashiria vya mcharuko, ule mwitikio wa mwili ambao wengine huuita mchochota, unaoonekana kwa nje kama joto, wekundu, uvimbe na maumivu, na ambao ndani ya damu huacha alama zinazopimika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujiandaa kwa vipimo hivyo, namna ya kuvisoma, na, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalokosewa zaidi, namna ya kutambua ni katika madhara gani ya kisukari vinasaidia kweli na ni katika yapi haviongezi kitu ila gharama. Haumweki daktari kando. Unamsaidia mgonjwa, na ndugu anayemsindikiza, kufika mbele ya daktari akiwa na maswali ya maana.

Swali litangulie kipimo

CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale linapopokea ujumbe wa kikemikali, hasa ule uitwao interleukini-6, kutoka sehemu yenye jeraha au maambukizi, au kutoka kwenye mafuta yaliyojazana tumboni. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika Taasisi ya Rockefeller, New York, walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia, na tabia yake inajulikana vizuri: huanza kupanda saa chache baada ya mwili kushambuliwa, hufika kileleni baada ya siku mbili hivi, na chanzo kikishaondolewa hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Thamani yake iko katika kasi hiyo. Udhaifu wake ni kwamba ini hutoa protini ileile kwa malaria, kwa jino bovu, kwa UTI, kwa upasuaji na kwa unene, kwa hiyo cheti huonyesha kiasi cha mcharuko bila kuonyesha mahali ulipo.

Kwa sababu hiyo, kabla ya damu kutolewa, mgonjwa amuulize daktari kwa adabu: majibu haya yatabadilisha nini katika matibabu yangu? Akijibiwa kwamba yatasaidia kujua kama maambukizi yamefika kwenye mfupa, au kama dawa anayotumia inafanya kazi, au kama aanzishiwe dawa ya kulinda moyo, basi kipimo kina kazi. Akijibiwa kwamba ni kuangalia tu, fedha hiyo, hasa kwa asiye na bima, ina matumizi bora zaidi katika vijiti vya kupimia sukari nyumbani au katika kipimo cha albumini, aina ya protini, kwenye mkojo.

Kabla ya kutoa damu

CRP na ESR hazihitaji mtu afunge. Hata hivyo mara nyingi huchukuliwa pamoja na sukari ya kabla ya kula au kipimo cha mafuta, na hapo ndipo mgonjwa hujikuta amekaa kwenye foleni tangu alfajiri bila kitu tumboni. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi aulize siku moja kabla kama dozi ya asubuhi aitumie au aiahirishe, na abebe chakula cha kula mara tu damu ikishatolewa, kwa maana sukari kushuka ghafla ni hatari ya papo kwa papo.

Wakati wa kupima hutegemea swali linaloulizwa. Kama lengo ni kukadiria hatari ya moyo kwa kipimo cha hs-CRP, yaani CRP inayopimwa kwa usahihi wa juu zaidi, mgonjwa asubiri walau wiki mbili tangu alipopona homa, alipong'oa jino au alipochanjwa, na siku iliyotangulia asifanye kazi ngumu au mazoezi makali kuliko kawaida yake. Kama lengo ni kidonda kilichovimba, hakuna kusubiri. Damu itolewe siku hiyohiyo.

Daktari na mhudumu wa maabara waelezwe dawa zote. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, hushusha CRP na papo hapo hupandisha sukari na chembe nyeupe, kiasi kwamba cheti kizima huweza kupotosha asiyejua kwamba mgonjwa anaitumia. Statini, dawa za kushusha mafuta ya damu, hushusha CRP kwa kiasi fulani. Ujauzito na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huipandisha, na uvutaji wa sigara vivyo hivyo. Ini lililochoka sana, kwa upande wake, hushindwa kutengeneza protini hiyo hata pale maambukizi yanapokuwa makubwa.

Jambo la mwisho katika maandalizi ni kuchagua maabara moja na kubaki nayo kadiri inavyowezekana, na kutunza vyeti vyote vya zamani kwenye faili moja. Namba moja peke yake haina maana kubwa. Namba tatu zilizotolewa na mashine ileile kwa nyakati tofauti huonyesha hali inaelekea wapi.

Kusoma cheti mstari kwa mstari

Cheti cha kawaida huwa na safu ya jina la kipimo, safu ya majibu, safu ya kipimio na safu ya kiwango cha kawaida, na pembeni mashine huchapa herufi H kwa kilicho juu au L kwa kilicho chini. Jicho hukimbilia H. Ni afadhali lianze kwenye safu ya kipimio, kwa sababu kuna maabara zinazotoa CRP kwa mg/L na nyingine kwa mg/dL, na tofauti ni mara kumi: 4 mg/dL ni sawa na 40 mg/L. Mgonjwa aliyepima hospitali moja akapata 38 kwa mg/L, kisha akapima kwingine akapata 4 kwa mg/dL, anaweza kudhani amepona ilhali hali yake haijasogea.

Baada ya hapo aangalie ni CRP ya aina gani. Protini ni moja, ila mashine ya CRP ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya viwango vya maambukizi, na maabara nyingi huandika kwamba chini ya 5 au chini ya 10 mg/L ni kawaida. Kipimo cha hs-CRP husoma kwa usahihi viwango vidogo sana, na ndicho pekee kinachofaa kwa maswali ya moyo. Cheti kinachosema "chini ya 5, kawaida" hakiwezi kutumiwa kukadiria hatari ya moyo.

ESR ni kipimo cha kizamani na rahisi: damu huwekwa kwenye mrija uliosimama wima, na baada ya saa moja hupimwa milimita ambazo chembe nyekundu zimeshuka. Njia inayotumika zaidi ina jina la Alf Westergren wa Sweden, aliyeieleza mwaka 1921. Kwa makadirio ya haraka, kiwango cha juu cha kawaida kwa mwanamume ni umri wake ugawanywe kwa mbili, na kwa mwanamke ni umri ukiongezwa 10 kisha ugawanywe kwa mbili. Hivyo mwanamke wa miaka 60 mwenye ESR ya 35 hana la kuhofia katika mstari huo. Upungufu wa damu na ugonjwa wa figo hupandisha ESR hata pasipo maambukizi yoyote, na wagonjwa wengi wa kisukari wa muda mrefu wana kimojawapo au vyote viwili. Selimundu, kinyume chake, huishusha. ESR pia hupanda polepole na kushuka polepole kuliko CRP, kwa wiki kadhaa, na kutokujua hilo huwatia watu wasiwasi usio na sababu, kama tutakavyoona kwenye mguu.

Hesabu ya chembe nyeupe hutoka kwenye picha kamili ya damu. Mtu anaweza pia kupata humo uwiano wa neutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe, bila kulipa zaidi: neutrofili zikiwa 7.2 na limfosaiti 1.8, uwiano ni 4. Watafiti wengi wamechapisha kuhusu uwiano huo na madhara ya kisukari, lakini hakuna mpaka uliokubaliwa na wote wa kusema kuanzia hapa ni ugonjwa, na msongo wa mwili wa aina yoyote huupandisha. Mimi ningeuangalia kama nyongeza ya bure, wala nisingebadilisha dawa kwa ajili yake.

Feritini inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa ni akiba ya madini ya chuma na wakati huohuo ni protini inayopanda mwili unapocharuka. Mgonjwa mwenye himoglobini ndogo na feritini iliyo kawaida au juu anaweza kuwa amepungukiwa chuma kweli, ila mcharuko umeficha upungufu huo. Feritini isomwe pamoja na CRP. Na damu ikiwa pungufu, au mtu akiwa na selimundu, au akiwa ameongezewa damu karibuni, HbA1c nayo huacha kuaminika, jambo linalosahaulika mno katika ukanda wetu wenye malaria na selimundu. Albumini ya damu huenda kinyume na vingine, kwani hushuka mcharuko unapopanda, hivyo albumini ndogo kwa mwenye kidonda si lazima iwe na maana kwamba hapati chakula cha kutosha.

Mguu, ambako vipimo hivi hufanya kazi yake hasa

Katika madhara yote ya kisukari, hakuna mahali ambapo viashiria vya mcharuko vina manufaa ya moja kwa moja kama kwenye kidonda cha mguu. Sababu ni kwamba neva zilizokufa huondoa maumivu, mishipa ya damu iliyoziba hupunguza joto na wekundu, na sukari ya juu hudhoofisha kinga, kiasi kwamba mguu unaweza kuwa umeoza ndani huku mwenyewe akitembea. Damu husema pale ambapo ngozi imenyamaza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa miaka 58 ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia kwa wiki tatu, hakimuumi, kina kina cha kuingia ncha ya pamba, na kiatu chake kina doa la majimaji. Cheti chake kinasomeka hivi: CRP 94 mg/L, ESR 88, chembe nyeupe 9.1 (yaani 9,100), sukari 16.4 mmol/L. Wa kwanza kusoma atasema chembe nyeupe ziko kawaida, basi hakuna maambukizi. Huo ni mtego, kwa kuwa wagonjwa wengi wenye maambukizi ya mguu wa kisukari, hata ya mfupa, huwa na chembe nyeupe za kawaida. CRP ya 94 haielezeki kwa unene wala kwa sukari peke yake, na sukari iliyopanda ghafla bila sababu ya chakula wala dawa ni dalili nyingine ya maambukizi. ESR iliyovuka 70 kwa mwenye kidonda cha mguu humfanya daktari aushuku mfupa. Hapo atachukua kijiti butu cha chuma kilichotakaswa na kukiingiza taratibu kwenye kidonda, na akigusa kitu kigumu chenye mkwaruzo, shaka inazidi. Eksirei ifuate, lakini ieleweke kwamba mfupa ulioanza kuliwa huweza kuonekana mzima kwa wiki mbili hadi tatu za mwanzo, hivyo picha safi ya leo irudiwe.

Mama huyo anasafishwa kidonda kwa upasuaji, anaanzishiwa antibayotiki na kukatazwa kuukanyagia mguu. Baada ya wiki moja CRP ni 22 na ESR ni 79. Familia ikitazama ESR itadhani dawa imeshindwa, ilhali CRP iliyoporomoka ndiyo inayosema matibabu yanafanya kazi. ESR itafuata baadaye. Kama wiki ya pili CRP ingepanda tena hadi 60, swali lingekuwa jingine kabisa: je, kuna usaha uliojificha, dawa hailingani na bakteria, damu haifiki mguuni, au mfupa umebaki na ugonjwa? CRP inayopanda baada ya kushuka ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo, bila kungojea tarehe ya kliniki.

Kidonda kisicho na dalili zozote za maambukizi hakihitaji antibayotiki hata kama CRP ni 8 au 9, na kumeza dawa hizo kwa tahadhari tu ni kulea bakteria sugu.

Mguu mwingine wa kuangaliwa ni ule uliovimba, wenye joto na wekundu, lakini hauna kidonda. CRP ikitoka ya kawaida au imepanda kidogo tu, daktari afikirie mguu wa Charcot, ambapo mifupa midogo ya mguu huvunjika na kuhama kwa sababu neva hazitoi onyo. Tiba ya kwanza hapo ni kutoukanyagia, na daktari kuuwekea plasta ngumu, kama ile ya mfupa uliovunjika. Mguu huo ukipewa antibayotiki na kuachwa utembee hupinda moja kwa moja.

Mikono nayo isisahaulike. Jijini Dar es Salaam, madaktari wameripoti kwa undani maambukizi makali ya mkono kwa wagonjwa wa kisukari, ripoti moja ikihusu miaka ya 1998 hadi 2002, yanayoanza na jambo dogo kama mkwaruzo au kuumwa na mdudu na kuishia kwenye kukatwa vidole au kifo kwa waliochelewa.

Kuhusu kuchelewa, kuna hali ambazo hazisubiri cheti. Mwenye kidonda au uvimbe mguuni au mkononi akiwa na mawili kati ya haya, yaani joto la mwili zaidi ya 38 au chini ya 36, mapigo ya moyo zaidi ya 90 kwa dakika, pumzi zaidi ya 20 kwa dakika, au chembe nyeupe zaidi ya 12,000 au pungufu ya 4,000, anahesabiwa kuwa na maambukizi makali na anapaswa kulazwa. Matatu ya kwanza yanaweza kupimwa nyumbani kwa kipimajoto na saa. Ngozi iliyogeuka nyeusi, harufu ya kuoza, au mgonjwa kusinzia na kuongea asiyoyajua, hayo hayahitaji kuhesabu chochote.

Moyo

Hapa hs-CRP ina nafasi, ingawa ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Mwaka 2003 taasisi za Marekani za moyo na za udhibiti wa magonjwa zilipendekeza viwango ambavyo bado vinatumika: chini ya 1 mg/L ni hatari ndogo, 1 hadi 3 ni ya wastani, na zaidi ya 3 ni kubwa. Ikizidi 10 isitumike kwa moyo kabisa. Kwanza utafutwe ugonjwa mwingine na kipimo kirudiwe baadaye.

Kwamba mcharuko wenyewe huchangia maradhi ya moyo kulithibitishwa mwaka 2017 na jaribio la CANTOS, lililowashirikisha watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo na wenye hs-CRP ya 2 au zaidi. Dawa ya kanakinumabu, ambayo haishushi mafuta ya damu bali huzuia ujumbe mmoja wa mcharuko, ilipunguza mashambulio mapya kwa takriban asilimia 15. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka kidogo kwa walioitumia, na haikuzuia watu kupata kisukari kipya. Kwa mgonjwa wetu somo la kivitendo ni hili: mwenye kisukari aliyefikisha miaka 40 kwa kawaida anastahili statini bila kujali hs-CRP yake, basi kipimo hicho kina maana pale tu ambapo yeye na daktari wanasitasita.

Figo, macho na neva

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu vipimo vya mcharuko bado havijapata kazi kliniki. Vipokezi vya TNF, ujumbe mwingine wa mcharuko, kwenye damu vimeonyesha katika utafiti uwezo wa kutabiri figo zitakazoshindwa, lakini havipimwi katika kliniki za kawaida. Figo zichunguzwe kwa kreatinini ya damu, taka ambayo figo huichuja, na kwa uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo, ambapo chini ya 30 mg/g ni kawaida na zaidi ya 300 ni uharibifu mkubwa. Mboni za macho zipanuliwe kwa matone na sehemu ya nyuma ya jicho iangaliwe kila mwaka. Miguu ipimwe hisia kwa uzi wa gramu 10, ule uzi wa plastiki unaobonyezwa kwenye ngozi. Anayeuziwa kifurushi cha "vipimo vya mcharuko" badala ya haya matatu anapunjwa.

Namba ikiwa juu na chanzo hakionekani

Hutokea CRP ikawa 25 au ESR ikawa 65 kwa mtu anayejiona mzima. Hapo upekuzi ufanyike kuanzia juu kwenda chini. Kinywani, fizi zinazotoa damu na meno yanayolegea ni chanzo cha kawaida mno kwa wenye kisukari, na kuzitibu fizi huteremsha HbA1c kidogo pia. Kifuani, kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe makohozi, kwa kuwa kisukari huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu mara mbili hadi tatu, na ESR ya juu hukiandama kifua kikuu. Mkojo upimwe. Mapaja, kinena na sehemu za kuchomea insulini ziangaliwe kama kuna majipu, na nafasi baina ya vidole vya miguu zifunuliwe moja moja kwenye mwanga wa kutosha.

Lisilofaa ni kukimbilia duka la dawa na kuomba "dawa ya mcharuko". Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu na homa, na kwa kufanya hivyo huficha dalili ambazo daktari angezihitaji, huku zikiumiza figo ambazo kisukari kimekwisha kuzielemea, hasa kwa anayetumia dawa za presha. Poda na chai za kusafisha damu hazina ushahidi wa kuzuia madhara ya kisukari. Kupunguza uzito, kuacha sigara, kutembea na kuishusha sukari yenyewe huteremsha CRP kwa miezi, si kwa siku.

Upekuzi usipotoa kitu, kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili hadi nne katika maabara ileile. Kikishuka chenyewe, huenda lilikuwa ambukizo dogo lililopita. Kikibaki juu ya 10 mg/L, mgonjwa apelekwe kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani akiwa na vyeti vyote viwili, orodha ya dawa zake, na tarehe ya kila kipimo.